Tuwafundishe Watoto Kuyapima Mawazo Yao

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Rudewa, Wilaya ya Kilosa)



Tunawashukuru kwa kutukaribisha tena hapa Rudewa. Tunajua siku hizi ni za palizi, na kila mtu ameacha jembe lake ili aje kutusikiliza. Kwa hiyo hatutawachosha.

Mara ya mwisho tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi. Tulisema kwamba mkulima hodari haingizi mahindi ghalani bila kuyakagua. Huyaanika, huyapepeta, huyachambua. Punje mbovu huzitoa, kwa sababu punje chache zenye wadudu zaweza kuharibu gunia zima.

Leo tunataka kuzungumza juu ya ghala jingine. Ghala hili halina mlango wala kufuli. Kila mtoto anatembea nalo. Ghala hilo ni kichwa chake, na mahindi yake ni mawazo. Mawazo yanaingia humo kila siku. Mengine ni mazima. Mengine yana wadudu. Je, nani amemfundisha mtoto kuyachambua?

SWALI LA MAMA MMOJA

Mama mmoja wa darasa la kisomo alituuliza swali. Alisema hivi:

"Mwalimu, mwanangu ana miaka tisa. Masika yaliyopita maji yaliingia ndani kwetu usiku. Tulitoka salama wote. Lakini tangu siku hiyo, wingu likitanda tu, mtoto anatetemeka. Akiwa shuleni anatoroka na kurudi nyumbani mbio. Baba yake amemchapa mara mbili. Bado anatoroka. Je, mwanangu amerogwa, au ni utundu tu?"

Swali hili ni zuri sana. Tulimjibu kwamba mtoto wake hakurogwa, wala si mtundu. Jibu lake wahenga walikwisha kulitoa zamani. Walisema: aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka.

Hebu tuuchunguze usemi huu. Unyasi ni unyasi tu. Hauna meno wala sumu. Kwa nini basi mtu ashtuke? Anashtuka kwa sababu, kabla moyo haujaanza kudunda, kichwa kimekwisha kusema: "Nyoka!" Kimesema upesi sana, hata mwenyewe hakusikia. Basi kilichomshtua ni wazo lake juu ya unyasi. Unyasi wenyewe haukumfanya kitu.

Ndivyo alivyo mtoto yule. Wingu likitanda, kichwa chake kinasema: "Maji yanakuja tena. Mama yuko peke yake nyumbani." Ndiyo maana anatoroka shule. Anakwenda kumwokoa mama yake! Sasa tuulizane, jamani: kiboko chaweza kufika mahali wazo hilo lilipo? Hakiwezi. Kiboko kinaongeza wazo jingine tu juu ya lile la kwanza: "Hata baba hanitaki."

Sisi wa Kilosa tunayajua maji. Wengi wetu tunakumbuka Desemba 2009 na Januari 2010, wakati Mto Mkondoa ulipofurika, reli ikakatika, na maelfu ya watu wakaishi katika mahema. Kwa hiyo woga wa mtoto una mzizi wake, na si wa kuchekwa. Lakini pia si kila wingu ni mafuriko. Mawingu mengi huleta mvua ya kuotesha mahindi. Kazi yetu ni kumfundisha mtoto kutofautisha haya mawili.

MAFIGA MATATU

Tutumie mfano wa jikoni. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Tuyape majina.

Figa la kwanza ni WAZO, yaani yale ambayo kichwa kinajiambia.

Figa la pili ni MOYO, yaani yale tunayoyasikia ndani: furaha, hasira, woga, huzuni, aibu, wivu.

Figa la tatu ni TENDO, yaani yale tunayoyafanya: kukimbia, kupiga, kunyamaza, kusalimia, kusaidia.

Na chungu chenyewe ni jambo lililotokea. Figa moja likisogea, chungu kizima kinainama.

Chukueni mfano huu. Watoto wawili wanakwenda kisimani. Njiani wanamwona mwenzao wa darasani. Wanamwita kwa jina. Mwenzao haitiki, anapita zake.

Mtoto wa kwanza anawaza: "Ananidharau kwa sababu kaptura yangu ina viraka." Moyo wake unajaa hasira. Kesho yake anamtukana mwenzake, na wanapigana mpaka mwalimu anawaamua.

Mtoto wa pili anawaza: "Labda hakusikia. Au labda kwao kuna jambo." Moyo wake unaingia huruma kidogo. Kesho yake anamwuliza: "Jana kulikoni?" Anaambiwa kwamba usiku ule mama yake mwenzao alipelekwa zahanati.

Mnaona? Mwenzao alipita mara moja tu, nao wote wawili walimwona. Jambo lilikuwa lile lile. Lakini mawazo yalikuwa mawili, mioyo ikawa miwili, na matendo yakawa mawili.

Sasa tutaanza na figa lipi? Sisi wazazi tumezoea kuanza na moyo. Tunamwambia mtoto: "Acha kuogopa! Acha kulia! Acha hasira!" Lakini moyo hauamrishwi. Nani kati yetu aliwahi kuambiwa "acha huzuni" msibani, akaacha hapo hapo? Hakuna. Wazo, kinyume chake, laweza kuulizwa maswali. Laweza kuwekwa mezani na kutazamwa kama punje ya hindi. Kwa hiyo tunaanza na wazo.

NINYI WENYEWE NI MASHAHIDI

Ndugu wanakisomo, mambo haya si mageni kwenu. Kumbukeni siku ya kwanza mlipoitwa darasani. Wengi mlisema: "Mimi nimezeeka. Kichwa kimekauka. Watoto watanicheka." Hilo lilikuwa wazo. Moyo ukaona aibu. Tendo likawa kujificha, au kusema kwamba kazi ni nyingi.

Kisha ukamwona mtu wa rika lako, unayemfahamu, akiandika jina lake ubaoni. Wazo likageuka: "Kumbe hata mimi naweza kujaribu." Aibu ikapungua. Mkono ukashika kalamu. Je, miaka yako ilipungua? Haikupungua hata mmoja. Kilichogeuka kilikuwa wazo.

Taifa letu nalo lilipita njia hiyo hiyo. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1967, karibu watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, serikali ilihesabu kwamba waliobaki bila kujua ni karibu mmoja katika kila kumi. Vitabu vilihitajika, na walimu walihitajika. Lakini kwanza ilibidi kuling'oa wazo moja lililokuwa limeota mizizi: kwamba mtu mzima hawezi kujifunza.

KOSA LETU WENYEWE

Tukisema juu ya wengine, lazima tuseme na juu yetu.

Tulipotoka chuo cha ualimu tulikuwa vijana. Tulidhani mwalimu mzuri ni mwalimu mkali. Katika shule ya kwanza tuliyofundisha, palikuwa na mtoto wa kike wa darasa la tatu aliyechelewa kujua kusoma. Siku moja, mbele ya wenzake, tulimwambia: "Wewe kichwa chako ni jiwe. Nenda ukalime tu." Darasa zima likacheka. Nasi tukacheka. Kisha tukasahau.

Miaka kumi na miwili baadaye tulikuwa tunafungua darasa la kisomo katika kijiji kingine. Mama kijana, mtoto mgongoni, aliketi nyuma kabisa. Tulipompa chaki aliikataa. Akasema kwa upole: "Mimi kichwa changu ni jiwe, mwalimu."

Sisi hatukumtambua. Yeye alitutambua. Hakutulaumu wala hakukasirika. Alisema maneno yale kama mtu anayetaja jina lake.

Tunawaambieni kweli, siku hiyo hatukuweza kuendelea na somo. Sisi tulilisema neno lile kwa dakika moja. Yeye alilibeba miaka kumi na miwili. Aliacha shule kwa ajili yake. Aliogopa hata kusoma kadi ya kliniki ya mtoto wake, kwa sababu alikwisha kujiambia kwamba hawezi. Tulimwomba radhi mbele ya darasa. Hata hivyo ilipita miezi minne kabla hajakubali kushika chaki. Leo anasoma. Lakini miaka ile hatuwezi kumrudishia.

Tunawaeleza haya kwa sababu mawazo ya mtoto hayaoti yenyewe kama magugu. Mengi tumeyapanda sisi. "Mjinga wewe." "Umelaaniwa." "Umerithi uvivu wa baba yako." Sisi tunasema kwa hasira, na hasira inapita. Mtoto hajui kwamba ilikuwa hasira. Analichukua neno na kuliweka ghalani.

Kwa hiyo somo la kwanza ni letu sisi wakubwa. Tukemee tendo, tusimtukane mtoto. Mtoto akimwaga maziwa, tuseme: "Umemwaga maziwa. Leta kitambaa ufute." Tusiseme: "Wewe ni mharibifu tangu kuzaliwa." Maziwa yanafutika. Neno hilo halifutiki upesi.

ELIMU HII IMEJARIBIWA WAPI?

Wahenga walilijua jambo hili kwa kuishi. Wataalamu wa tiba walikuja kulichunguza baadaye. Katika miaka ya 1960, daktari mmoja wa Marekani jina lake Aaron Beck alikuwa akiwatibu watu wenye huzuni nzito. Aliona kwamba wagonjwa wake walikuwa na maneno yanayopita upesi vichwani mwao: "Sifai." "Hakuna anayenitaka." Akawafundisha kuyakamata maneno hayo na kuyauliza kama ni ya kweli. Wengi walipata nafuu. Daktari huyo alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100, na njia yake sasa inatumika katika nchi nyingi.

Lakini msidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani tu. Kati ya mwaka 2013 na 2015 njia ya namna hii ilijaribiwa Moshi, hapa Tanzania, na Bungoma, nchini Kenya. Watoto walikuwa 640, wenye miaka 7 hadi 13. Wote walikuwa wamefiwa na mzazi, na kumbukumbu za msiba ziliwasumbua sana. Nusu yao waliwekwa katika vikundi. Walikutana mara moja kila wiki, kwa wiki 12. Walezi wao nao walikuwa na vikundi vyao. Na walioviongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida, waliofunzwa vizuri na kusimamiwa.

Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Huko Bungoma, mjini na vijijini, watoto wa vikundi walipata nafuu kuliko wenzao, na mwaka mmoja baadaye tofauti bado ilionekana. Moshi mjini tofauti ilionekana vikundi vilipomalizika. Katika vijiji vya Moshi haikuonekana. Na baada ya mwaka mmoja, watoto wa Moshi waliokuwa katika vikundi na wale ambao hawakuwamo walikuwa wameendelea vizuri sawa sawa.

Tunajifunza nini hapo? Kwanza, mtu wa kawaida akifunzwa anaweza kumsaidia mtoto. Pili, njia hii si uganga. Muda na malezi mema navyo huponya. Na haya tunayozungumza leo si matibabu yale ya vikundi. Ni hatua ndogo ya kwanza, ambayo kila mzazi anaweza kuichukua nyumbani kwake.

MASWALI MANNE

Kabla ya yote, tumpe mtoto majina ya moyo. Watoto wengi hawana maneno hayo. Mtoto akiogopa husema, "Tumbo linaniuma." Akiona aibu, hununa. Chora mavumbini nyuso nne: ya furaha, ya huzuni, ya hasira, ya woga. Mwulize: "Leo moyo wako ni upi?" Ataonyesha kwa kidole. Hapo mazungumzo yameanza.

Kisha kuna maswali manne. Yaandikeni katika madaftari yenu:

1. Kichwa chako kinasema nini?

2. Umejuaje kwamba ni kweli?

3. Je, yaweza kuwa vingine?

4. Sasa tufanye nini?

Yule mama mwenye mtoto wa wingu tulimfundisha maswali haya. Alikwenda kujaribu, kisha akatuletea habari. Mazungumzo yao yalikuwa hivi:

MAMA: Njoo ukae hapa, mwanangu. Naona unatetemeka. Kichwa chako kinasema nini?

MTOTO: Kinasema maji yanakuja tena.

MAMA: Aa, wazo hilo linatisha. Hata mimi ningeogopa. Umejuaje kwamba yanakuja?

MTOTO: Si lile wingu jeusi.

MAMA: Kweli, ni jeusi. Haya, tukumbuke. Tangu usiku ule, mawingu meusi yametanda mara ngapi?

MTOTO: Mara nyingi.

MAMA: Na maji yameingia ndani mara ngapi?

MTOTO: Mara ile moja tu.

MAMA: Basi wingu hili laweza kuwa la nini?

MTOTO: Labda mvua ya mahindi.

MAMA: Labda. Na kama mto ukifurika kweli, tufanye nini?

MTOTO: Tupande kule juu kwa mjomba.

MAMA: Vema. Mdogo wako nitambeba mimi. Wewe utabeba nini?

MTOTO: Tochi.

Tazameni alivyofanya mama huyu. Hakumdanganya mtoto kwa kumwambia kwamba maji hayatakuja kamwe. Angesema hivyo, na siku moja mto ukafurika, mtoto asingemwamini tena. Hakumcheka. Alianza kwa kukubali kwamba wazo lile linatisha. Kisha wakahesabu pamoja. Mwisho wakapanga la kufanya. Mtoto mwenye kazi ya kubeba tochi si sawa na mtoto asiye na la kufanya.

Tena mama huyu alibuni jambo ambalo sisi hatukumfundisha. Alichukua kopo tupu. Kila wingu jeusi linapopita bila mafuriko, mtoto anatia punje moja ya hindi ndani ya kopo. Punje zinamfundisha kuliko maneno yetu.

Jambo hili halimalizwi siku moja. Mtoto atauliza leo, ataogopa kesho, utarudia tena. Hata kusoma hukujua kwa siku moja.

Na watoto wadogo, walio chini ya miaka saba, je? Hao maswali manne ni mengi kwao. Kwao tumieni hadithi. Bibi anapohadithia jioni, asimame kidogo aulize: "Hapo Fisi aliwaza nini? Moyo wake ukawaje? Ndipo akafanya nini?" Mtoto atajibu huku anacheka. Bila kujua, amejifunza mafiga matatu.

MAMBO YA KUEPUKA

Tusimchape mtoto kwa sababu anaogopa.

Tusimwambie mtoto wa kiume kwamba mwanamume halii. Machozi yakizuiwa machoni hutokea mkononi, kwa ngumi.

Tusimwulize maswali akiwa katikati ya hasira. Chungu kinachochemka hakishikwi. Mpe maji anywe. Mwambie apumue polepole, mara tano. Kisha uliza.

Tusitangaze siri za moyo wake kwa majirani. Akisikia unazicheka kisimani, hatasema tena.

NA KAMA WAZO NI LA KWELI?

Hapa tuwe waangalifu sana. Siyo kila wazo baya ni wazo la uongo.

Mtoto akiwaza, "Leo hatuna chakula," na chungu ni kitupu kweli, usimwambie abadili wazo. Tafuta chakula. Mtoto akisema, "Namwogopa mtu fulani," usiharakishe kumwambia kwamba mtu huyo ni mwema. Swali la pili, "Umejuaje?", liulize kwa upole, na usikilize mpaka mwisho. Huenda kuna mtu anamwumiza. Hapo kazi ni kumlinda. Nendeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Simu ya msaada kwa watoto ni namba 116, nayo ni ya bure.

Vilevile mtoto akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki nyingi, au akisema kwamba anataka kufa, msikae naye nyumbani mkiuliza maswali manne. Mpelekeni kituo cha afya upesi.

WATOTO WETU WA RUDEWA

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Tumelifikiria sana kama tuliseme au tulinyamaze. Tumeona tuliseme, kwa heshima.

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wengine wenu mlizika ndugu zenu. Hatukuja kufukua makaburi. Wala hatusemi kwamba ugomvi ule ulikuwa wa mawazo tu. Ulikuwa ugomvi wa ardhi, maji na malisho, na wa maamuzi ya wakubwa. Mambo hayo hayatengenezwi kwa kumfundisha mtoto. Yanataka mipaka inayojulikana, mikutano ya haki, na viongozi wasiokula rushwa.

Lakini watazameni watoto. Mtoto wa mkulima mwenye miaka kumi leo hakuwepo mwaka 2000. Hakuona kitu. Hata hivyo, akisikia kengele za ng'ombe njiani, moyo wake unadunda na mkono unaokota jiwe. Na mtoto wa mfugaji mwenye miaka kumi naye hakuwepo. Hata hivyo, akipita kando ya shamba, anaishika fimbo yake kwa nguvu, na kichwa kinasema: "Hawa wote wanatuchukia." Watoto wawili, kila mmoja anamwogopa mwenzake, kwa wazo alilorithi. Jiwe moja likirushwa likampata ndama, au likampata mtoto, kesho baba zao ndio watakaotoka. Tunajua baba wakitoka mambo huishia wapi.

Hivyo wazo la mtoto si jambo dogo.

Basi yachukueni maswali manne mpaka njiani. Kichwa chako kinasema nini? "Wamekuja kulisha shamba letu." Umejuaje? Ng'ombe wako shambani, au wako njiani? "Wako njiani." Yaweza kuwa vingine? "Labda wanakwenda kunywa maji. Labda wanakwenda mnadani." Tufanye nini? Wakiwa njiani, tunasalimiana na kupita. Wakiingia shambani kweli, hatuokoti jiwe. Tunakwenda mbio kumwita baba, na baba anamwita mwenyekiti. Mfugaji naye amfundishe mwanawe hivyo hivyo: ng'ombe akiponyoka akaingia kwenye mahindi, usikimbie, usiinue fimbo. Mtoe ng'ombe, kisha nenda kwa mwenye shamba ukaseme.

Je, tuwafiche watoto yaliyotokea? La. Mtoto akiuliza, aambiwe kweli, na aone kwamba tunahuzunika. Lakini tuchunge neno moja. Neno hilo ni "wote". "Hawa wote ni wauaji." "Wale wote ni adui." Neno "wote" ni punje yenye mdudu. Mkiisikia katika midomo ya watoto, au katika midomo yetu, itoeni kabla gunia halijaharibika.

KUMALIZA

Ndugu zetu, tulipigana na ujinga kwa herufi, na tunaendelea. Lakini mtoto anayejua kusoma kitabu, na hajui kusoma yaliyo kichwani mwake mwenyewe, bado hajamaliza kisomo. Samaki mkunje angali mbichi.

Wiki hii tunawaomba jambo moja tu. Kila mmoja achague jioni moja na mtoto mmoja. Azime redio. Aulize swali la kwanza, kisha asikilize. Baadaye aandike katika daftari lake mistari mitatu: wazo, moyo, tendo.

Mtajiuliza, yule mtoto wa wingu yuko wapi? Yuko shuleni. Wingu likitanda bado anainua macho kulitazama, kisha anaendelea kuandika. Mama yake anasema kopo limefika nusu.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja neno moja uliloambiwa ulipokuwa mtoto ambalo bado unalikumbuka. Lilibadili vipi matendo yako?

2. Mtoto wako anasema, "Hesabu siwezi." Mwulize maswali manne. Mmoja awe mzazi, mwingine awe mtoto.

3. Katika kijiji chetu, watoto wa wakulima na wa wafugaji wanakutana wapi kwa amani? Shuleni, kisimani, mchezoni? Tufanye nini ili wakutane zaidi?

4. Ni wakati gani kubadili wazo la mtoto hakufai, na inatupasa kubadili jambo lenyewe?